Sura ya Tisa: Kulisafirisha Gari la Kale hadi Lemera

Mtu aliyenunua gari la kale mjini Lubumbashi, na makazi yake yakawa Lemera katika milima ya Wafuliiru iutazamayo uwanda wa Ruzizi, hana budi kujua kwanza kwamba umbali siyo hasimu wake mkubwa. Kwani shehena ikisha kupakiwa na kufungwa barabara haili fedha nyingi kwa kutembea, bali huila pale inaposhushwa katika chombo kimoja na kupandishwa katika kingine, pale inapolala bohari ikingoja chombo kijacho, na pale kila mwenye mhuri anapoikuta imesimama. Hesabu ya safari hii, basi, haifanywi kwa kilomita. Inafanywa kwa vituo vya kupakulia, na aliyekipunguza kimoja tu katika hivyo ameokoa zaidi ya yule aliyeshinda mwezi mzima akitafuta njia ya mkato.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tuanzie Lubumbashi, ilhali magari tele huteremshwa Dar es Salaam, ambako reli ilikwisha kufika Kigoma tangu mwaka 1914, na kutoka Kigoma hadi Uvira ni mwendo wa ziwani wa takriban kilomita 180 tu. Njia hiyo ni ya asili na ina heshima yake: kwa mapatano ya mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji mahali pao pa kupakulia shehena katika bandari ya Dar es Salaam na ile ya Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili bidhaa za Kongo na za Ruanda-Urundi zipite bila kusumbuliwa na forodha; sidhani kama patatokea tena katika Afrika ya Mashariki mkataba wa pango wa bei rahisi kama ule. Lakini gari litokalo nje hulipiwa ushuru wa kuingia, na litokalo Japani huja na usukani wake upande wa kulia, nasi Kongo twaendesha kwa mkono wa kulia wa barabara. Gari la Katanga limekwisha kulipiwa zamani, usukani wake uko kushoto, na mara nyingi lilitunzwa na mafundi wa migodi, watu wa Union Minière na baadaye wa Gécamines, ambao hawakuwa na anasa ya kungoja vipuri kutoka Ulaya.

Tuchukue Land Rover, maana ndiyo itafutwayo sana na watu wa milimani. Gari hili lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa kikigawiwa kwa mgawo nchini Uingereza baada ya vita, na kwa sababu hiyo bodi yake ikafanywa kwa aloi ya alumini, huku fremu yake ikabaki ya chuma. Mnunuzi husifu bodi isiyoshika kutu, akasahau kuinama chini. Na msafirishaji asiyejua tofauti hiyo hupitisha kamba juu ya bodi, akaikaza, akaipinda, ilhali nguvu yote ya gari imo katika fremu na ekseli. Kabla ya kutoa senti ya nauli, lala chini ya gari ukiwa na nyundo ndogo, uigonge fremu toka mbele hadi nyuma. Ikilia kwa sauti kavu, ni salama. Ikijibu kwa sauti iliyozibana, au kutu ikimwagika kwa maganda, fremu hiyo itengenezwe Lubumbashi kwanza, kwa kuwa misukosuko ya behewa haiisamehe.

Zipo njia tatu. Ya kwanza ni barabara ya taifa namba 5, ambayo katika ramani yatoka Lubumbashi hata Pweto, ikaenda Kalemie, ikapita Fizi na Baraka, ikafika Uvira. Lakini si kila kilichochorwa chapitika, na dereva wa lori atakayekubali kuishika yote atataka malipo ya kwenda, ya kurudi, na ya hofu yake. Ya pili yavuka mpaka Kasumbalesa, yakata Zambia hadi bandari ya Mpulungu iliyo ncha ya kusini ya Tanganyika, na kutoka hapo meli za mizigo hupanda kaskazini. Njia hii ina lami nzuri, ila gari la Kikongo hugeuka kuwa mgeni katika nchi ya watu, likahitaji hati za kupita na dhamana, kisha likarudi kwao kwa mlango wa forodha na kuulizwa limetoka wapi. Mimi huipendelea ya tatu, reli na ziwa, ingawa ndiyo ya polepole kuliko zote.

Fadhila ya reli hii ilipatikana kwa taabu. Kipande cha Kabalo hadi Kalemie, ambayo wakati ule iliitwa Albertville, chenye urefu wa kilomita 273, kilimalizika mwaka 1915, lakini kilikuwa peke yake: gari lililotoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, lilipelekwa kwa reli hadi Bukama, likapandishwa meli ya mto Lualaba hadi Kabalo, likashushwa, likapandishwa tena behewani, na behewa lenyewe lilitembea juu ya njia ya upana mwingine. Katika miaka ya 1950 upana ukasawazishwa, na mwaka 1956 reli ya Kamina hadi Kabalo ikafunguliwa. Tangu siku hiyo behewa lililofungwa Lubumbashi laweza kufunguliwa Kalemie, bila mkono wa mtu kuligusa gari katikati. Hilo ndilo jambo unalolinunua kwa Shirika la Reli, SNCC. Mwendo wa haraka usiutarajie, kwani garimoshi hili halina mazoea na saa.

Kwa hiyo upakiaji wa Lubumbashi ndio kazi yenyewe, na ndipo mahali pa kutumia fedha bila kinyongo. Gari lipandishwe kwa nguvu zake katika behewa la sakafu tambarare, likitumia jukwaa la kupakilia, wala lisiinuliwe kwa minyororo. Tangi libakizwe lita chache tu, waya za betri zitolewe, na betri isafiri mbali na gari. Kila gurudumu lipigwe kabari za mbao mbele na nyuma, kabari hizo zipigiliwe misumari sakafuni, kisha minyororo ifungwe kwenye ekseli na kuvutwa kwa mkato kuelekea pembe nne za behewa. Maana gari lililofungwa fremuni huchezacheza juu ya springi zake, na kila linapobonyea mnyororo hulegea, hata ukafika Kamina ukaukuta unaning'inia. Vioo, gurudumu la akiba, jeki, taa za ukungu na redio vitolewe vyote, vitiwe katika sanduku lenye kufuli. Ukipata kasha la futi 20, ambalo ndani lina urefu wa karibu mita 5.9, Land Rover ndefu ya mita 4.4 yaingia na kuacha nafasi ya injini ya akiba au magunia ya mfanyabiashara mwingine, nanyi mkagawana nauli. Kasha ni ghali kidogo kulikodi, lakini macho ya watu hayapiti bati.

Hati nazo zina adabu yake. Karte rose, yaani kadi ya usajili wa gari, risiti ya mauzo iliyothibitishwa, na namba za chasisi na injini zilizoandikwa katika hati ya shehena herufi kwa herufi, viwe na nakala nyingi, kwa sababu tangu mwaka 2015 Katanga ya zamani imekuwa majimbo manne, na reli hii yapita katika yote manne kabla gari halijaonja maji ya Kivu ya Kusini. Namba moja ikikosewa, kosa hilo litalipiwa mara nyingi.

Kalemie ndipo kituo kisichoepukika. Hapa mwenye gari huonyeshwa vyombo viwili: meli ya chuma, ambayo yaweza kungojwa kwa majuma, na boti kubwa ya mbao iliyo tayari kung'oa nanga kesho, ambayo nahodha wake atalipandisha gari juu ya mbao mbili kutoka ufukweni. Kwa mwendo wa kilomita zipatazo 300 hadi Kalundu, bandari ya Uvira, tofauti ya bei hushawishi. Kati ya Mei na Septemba, kusi inapovuma na mawimbi yakapanda, mimi singelipeleka gari katika boti ya mbao hata kwa bure: tani moja na nusu juu ya sitaha huuinua uzito wa chombo mahali pabaya, na bima haiambatani na chombo cha namna hiyo. Nje ya miezi hiyo, ikiwa gari litakaa chini kabisa, katikati, limezungukwa na magunia ya mahindi, sina neno. Ila kumbuka kwamba baada ya mavuno mahindi ya Moba na Kalemie hujaza kila chombo kiendacho Uvira, na nafasi hupanda bei.

Kalundu yenyewe ni bandari ya SNCC pia, jambo linalorahisisha hesabu. Uangaliwe usawa wa maji, kwani ziwa lilipofurika mwaka 2021 na tena 2024 gati za kaskazini ziliteseka. Na uulizwe usalama wa njia siku ileile, maana tangu Bukavu ilipotekwa Februari 2025 habari za juzi hazifai kuwa mwongozo wa leo. Nauli iliyobaki isilipwe kabla injini haijawashwa na namba hazijalinganishwa mbele ya karani.

Toka Uvira usikodi lori. Gari lililonusurika reli na ziwa laweza kupita Kiliba na Sange kwa magurudumu yake, kisha kuuacha uwanda na kuupanda mlima. Lakini breki zake za ngoma, zilizokaa majuma bila kukanyagwa, zifunguliwe zote nne hapo hapo Uvira na mafuta yake yabadilishwe, maana maji huingia humo polepole na kuchemka breki zinapopata moto. Safari ya kwanza kuelekea Lemera ifanywe asubuhi, siku isiyo na mvua, fundi akiwa pembeni, na mzigo uachwe kwa pikipiki.