Zege lililoganda ndani ya pipa hula faida ya gari

MFANYABIASHARA anayenunua gari la zege lililotumika, akitarajia kazi za Mbeya na Iringa, mara nyingi hununua pamoja nalo mzigo usioandikwa kwenye hati ya mauzo. Mzigo huo ni zege la wateja wa zamani, lililogandia ndani ya pipa tabaka juu ya tabaka, na ambalo gari litalibeba bure katika kila safari hadi litakapobomolewa.

Suala hili linahusu mifuko ya watu wengi kuliko inavyodhaniwa. Mbeya ina kiwanda chake cha saruji Songwe, kinachotoa saruji ya chapa ya Tembo. Kampuni ya Holcim ya Uswisi ilikubali mwaka 2023 kuziuza hisa zake asilimia 65 za kiwanda hicho kwa kundi la Amsons la Tanzania. Barabara kuu ya TANZAM inayopita Uyole, Soweto na Mwanjelwa iliingizwa katika mpango wa kupanuliwa kuwa njia nne, kwa kipande cha kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Penye saruji na barabara, magari ya zege hufuata, na wenye mitaji midogo hujiuliza kama biashara hiyo inalipa.

Jibu linategemea sana hali ya pipa.

Kwa nini zege hushika

Saruji haikauki kama udongo wa matofali. Hugandishwa na maji yenyewe, kwa mabadiliko ya kikemikali yanayoanza mara tu maji yanapoigusa. Ndiyo maana zege huganda hata likiwa ndani ya maji, na ndiyo maana kuliongezea maji lililokwisha kuganda hakusaidii kitu. Kwa desturi ya kazi hii, zege linatakiwa liwe limemwagwa ndani ya saa moja na nusu tangu kuchanganywa. Umbali wa Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo hakuna atakayechanganya zege mji mmoja akalipeleka mwingine. Kila mji unahitaji mitambo yake.

Ndani ya pipa kuna mapanga ya chuma yaliyozungushwa mfano wa skrubu. Pipa likizunguka upande mmoja mapanga huvuta zege ndani na kulichanganya. Likizunguka upande wa pili husukuma zege nje. Kila mzigo unapomwagwa, uji wa saruji na mchanga hubaki kwenye kuta na hasa kwenye pembe ambapo panga limeungwa na pipa. Uji huo usipooshwa mapema huwa jiwe, na jiwe hilo lina uso wa kukwaruza ambao mzigo unaofuata hushika kwa urahisi zaidi. Hivyo tabaka la pili huja haraka kuliko la kwanza.

Baridi ya Mbeya ya Juni na Julai huchelewesha kidogo kuganda. Baadhi ya madereva hulichukulia hilo kama ruhusa ya kuahirisha kuosha hadi jioni. Jua la Oktoba huwakuta na tabia hiyo hiyo.

Hesabu ya hasara

Chukua mfano wa pipa lenye eneo la ndani la mita za mraba 25. Zege lililoganda kwa unene wa sentimita 2 tu, yaani kama upana wa kidole gumba, ni nusu ya mita moja ya ujazo. Uzito wake unapita tani moja.

Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 18 kwenye ekseli mbili za nyuma zenye matairi pacha. Gari la ekseli tatu kwa hiyo linaishia tani 26, likiwa na chasisi, pipa, maji, mafuta na mzigo. Mizani haiulizi kama tani moja ya ziada ni zege la leo au la mwaka juzi. Mwenye gari atapunguza mzigo, au atalipa faini.

Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takriban tani 2.4. Tani moja na kidogo iliyoganda inamnyima mwenye gari karibu nusu mita katika kila safari. Gari likienda safari 4 kwa siku, kwa siku 25 za mwezi, zinazopotea ni takriban mita 46. Kwa pipa la mita 5, hizo ni safari 9 kamili kila mwezi ambazo dizeli, matairi na dereva vimelipiwa lakini mteja hakulipa.

Hasara ya pili haionekani kwenye mizani. Mapanga yaliyofunikwa hayachanganyi vizuri, na zege hutoka bonge bonge au limechujuka. Humwagwa polepole, na foleni ya magari kwenye eneo la ujenzi hurefuka. Kipande kikibanduka na kuingia kwenye nguzo ya jengo, fundi mwenye busara atalikataa zege lote.

Kuzuia ni kazi ya dakika chache

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika biashara hii usipoosha pipa utavunja ukuta, tena kwa nyundo.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Mara baada ya kumwaga, dereva huosha mdomo wa pipa na mfereji wa kumwagia kwa mpira wa maji, kisha huingiza maji ndani na kuzungusha pipa kwa kasi kabla ya kuyamwaga. Mwisho wa siku huongeza kokoto pamoja na maji. Kokoto husugua kuta na mapanga kama mchanga unavyosugua sufuria. Sehemu za nje hupakwa mafuta maalumu ya kuzuia zege kushika. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huitumia kwa kuwa ni rahisi kupatikana, huchafua udongo na huweza kuharibu zege la mzigo unaofuata.

Maji ya kuosha nayo hayafai kumwagwa mtaroni. Ni makali kwa kuwa yana chokaa ya saruji, huchoma ngozi na kuua samaki. Shimo la kuyatuliza, lenye vyumba viwili au vitatu, huyawezesha kutumika tena kuoshea, na mchanga na kokoto zake hurudishwa kazini.

Ajali kubwa zaidi ni gari kuharibika likiwa limejaa. Mteremko wa Iwambi, au milima ya Kitonga kule Iringa ambako foleni hufunga njia kwa saa nyingi, si mahali pa kugundua kwamba pampu ya haidroliki imekufa. Hapo dawa ya haraka inauzwa kwenye kila duka: sukari. Kiasi kidogo tu huvuruga kuganda kwa saruji. Katika mzigo wenye kilo 1,500 za saruji, kilo moja na nusu ya sukari, yaani asilimia 0.1, inatosha kuchelewesha kuganda kwa saa nyingi. Zege lililotiwa sukari hivyo halifai tena kujengea, lakini pipa limepona. Mwenye gari anayeweka kilo chache za sukari chini ya kiti hajapoteza kitu.

Likishaganda

Njia kongwe na inayotumika zaidi ni ya nguvu. Kibarua huingia ndani ya pipa kupitia tundu la ukaguzi akiwa na tindo na nyundo, au nyundo ya upepo inayoendeshwa na kompresa. Njia hii haihitaji mtambo wa gharama kubwa, lakini ni ya polepole, na fundi asiye makini hutoboa pipa. Chuma cha pipa kina unene wa milimita chache tu, na huwa kimeliwa zaidi pale pale ambapo zege limekificha.

Njia ya pili ni maji ya shinikizo kubwa sana, paundi 10,000 kwa inchi ya mraba au zaidi. Hukata zege bila kuumiza chuma na haitimui vumbi. Pampu za kuoshea magari zilizojaa kando ya barabara hazifikii nguvu hiyo, na mwenye nazo asidanganyike kwamba atazigeuza. Ndege ya maji ya shinikizo hilo hupasua nyama ya mtu, kwa hiyo ni kazi ya waliofunzwa.

Njia ya tatu ni asidi. Dawa za kuyeyusha saruji hufaa kwa utando mwembamba wa nje na kwenye mfereji. Kwa tabaka nene hazifiki mbali, kwani hula uso tu. Asidi ya chumvi, ambayo mafundi huijua, hula na chuma chenyewe, hutoa hewa ya haidrojeni inayoweza kulipuka, na mvuke wake ndani ya pipa huunguza mapafu.

Wapo pia wanaotaja baruti. Kipindi cha televisheni cha Marekani, MythBusters, kilijaribu jambo hilo mwaka 2005. Mlipuko mdogo uliangusha sehemu ya zege. Mlipuko mkubwa wa mwisho uliteketeza gari zima. Kwa mwekezaji mdogo, hilo ni somo tosha.

Mtu aliye ndani

Gharama ambayo wenye magari wengi huisahau ni ya kibarua. Pipa ni chumba kilichofungwa, chenye joto, mwangwi na tundu moja la kutokea. Vumbi la zege lina silika, ambayo ikivutwa kwa muda huleta ugonjwa wa mapafu wa silikosisi, usio na tiba. Nchini Marekani, kanuni ya mwaka 2016 iliweka kikomo cha mikrogramu 50 za silika katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa zamu ya saa 8. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hilo. Kinachotakiwa ni barakoa ya kuchuja vumbi jembamba, maji ya kulowesha zege linalovunjwa, na feni ya kuvuta hewa nje. Kompresa na jenereta hukaa mbali na tundu, moshi wake usiingie ndani.

Hatari mbili huua papo hapo. Ya kwanza ni pipa kuzunguka mtu akiwa ndani. Kabla ya mtu kuingia, injini izimwe, ufunguo uwe mfukoni mwa anayeingia, betri ichomolewe na pipa lifungwe kwa kizuizi cha chuma. Mtu wa pili abaki nje muda wote. Ya pili ni bonge kuanguka kutoka juu. Fundi avunje lililo chini na pembeni, chini ya kimo cha mabega. Kisha watu wote watoke, pipa lizungushwe kidogo ili la juu lije chini, lifungwe tena, ndipo kazi iendelee.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda anaowatumia. Anayeokota vibarua barabarani asubuhi na kuwaingiza ndani ya pipa kwa malipo ya siku hajakwepa wajibu huo.

Kabla ya kutoa fedha

Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani hushushwa bandari ya Dar es Salaam, na mnunuzi wa Mbeya huyaona yakiwa tayari yamepakwa rangi. Rangi huficha nje tu. Mnunuzi alipeleke gari likiwa tupu kwenye mizani na kulinganisha uzito na ule ulioandikwa na mtengenezaji. Tofauti kubwa kwa kawaida ni zege. Agonge pipa kwa nyundo ndogo kuanzia mdomoni hadi nyuma: chuma kitupu hulia kama kengele, chenye zege hutoa mlio mzito. Amulike ndani kwa tochi na kutazama urefu wa mapanga, kwani panga lililozama au kulika haliwezi kuchanganya.

Akikuta tani moja au mbili, asilikimbie gari moja kwa moja. Gharama ya kubomoa, kuchomea mapanga mapya na siku ambazo gari halitafanya kazi vipunguzwe kwenye bei. Muuzaji anayekataa hesabu hiyo anataka mnunuzi amlipie uzembe wake.

Kwa wenye magari tayari, kipimo ni cha mara kwa mara. Gari tupu lipimwe kila baada ya miezi michache na uzito uandikwe daftarini. Uzito ukianza kupanda, pipa lisafishwe likiwa bado na sentimita moja, wakati kazi ni ya siku moja. Anayesubiri hadi mapanga yazame atalipa vibarua kwa wiki nzima, na katika wiki hiyo washindani wake watakuwa wanamwaga zege.