Kadi iliyosahaulika Kibaha: Mimi, mke wangu, mbwa wawili na safari ya kaskazini

UKIANDIKA habari za mpira unazoea kadi mbili tu, ya njano na nyekundu. Mimi ya tatu nilijifunza Jumapili moja asubuhi, kwenye njia ya mchanga huko Kisarawe.

Mbele yangu alisimama mzee mwenye kanzu. Mjukuu wake, wa miaka kama 10 hivi, alikuwa anavuja damu mkononi. Pembeni alikaa mbwa wangu na mpira wa makaratasi mdomoni, mkia unacheza, kama mshambuliaji anayesubiri kupongezwa.

"Mwanangu, kadi ya chanjo ya huyu mbwa iko wapi?" aliuliza mzee.

Kadi ilikuwa Kibaha, kwenye droo ya kabati la TV.

Nitairudia habari hiyo. Kwanza nieleze mtu wa mpira kama mimi nilifikaje huko na mbwa, alfajiri, siku ambayo wenzangu walikuwa wamelala wakisubiri mechi ya saa 10 jioni.

NILIOA NA MBWA WAWILI

Kazi yetu hii watu wanadhani ni ya mazoezi. Si kweli. Ni kazi ya kukaa. Unakaa kwenye bodaboda kwenda uwanjani, unakaa jukwaani dakika 90, unakaa kwenye kompyuta hadi usiku, na katikati unashushia chipsi mayai. Nimekaa sana Mabatini pale Mlandizi enzi Ruvu Shooting ikiwa Ligi Kuu, tukicheka na maneno ya msemaji wao Masau Bwire na soka lake la 'kupapasa'. Siku niliyoingia uwanjani mwenyewe, kwenye bonanza, nilipapaswa mimi. Dakika ya 12 nikanyoosha mkono kuomba kutoka.

Mke wangu alikuwa jukwaani. Yeye amecheza netiboli chuoni, na kabla hajanijua alikuwa tayari na mbwa wawili wa kienyeji, Beki na Kipa. Majina aliwapa mwenyewe, usinilaumu. Beki anakaba kila kinachopita. Kipa anapenda kulala mlangoni.

Usiku ule aliniambia, "Kesho saa 11 alfajiri unaamka na sisi."

Nikaamka. Mwezi wa kwanza ulikuwa mateso. Wa pili nikaanza kuzoea. Kufikia wa tatu, mimi ndiye nilikuwa nawaamsha wao.

Kibaha ni mahali pazuri pa kuanzia. Pale Mkuza ziko shule alizoanzisha Filbert Bayi na mkewe. Kama wewe ni kijana wa juzi na humjui Bayi, ni huyu: Februari 2, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 akaweka rekodi ya dunia. Aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho, hakusubiri mtu. Mwaka uliofuata akachukua na rekodi ya maili moja. Ni mtu wa Karatu, kaskazini kabisa, aliyekuja kuweka shule kwenye ardhi ya Pwani. Mke wangu akinivuta mlimani huniambia, "Bayi hakuangalia nyuma." Mimi namjibu kwamba Bayi hakuwa anavutwa na mbwa.

MSITU WA JIRANI

Jumapili tunakwenda Kisarawe. Tunakodi kirikuu, mbwa wanapanda nyuma na mke wangu, mimi nakaa mbele na dereva.

Watu wa Dar wanaifahamu Kisarawe kwa kupita tu. Ukitoka Gongo la Mboto, ukapanda vilima vya Pugu, hewa inabadilika. Pale kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ni kipande cha misitu ya zamani sana ya pwani ya Afrika Mashariki, iliyobaki jirani kabisa na jiji linalokula mkaa kila siku. Kuna mapango yaliyochimbwa madini ya kaolini, ambayo sasa ni makazi ya popo. Ukitulia unaweza kumwona sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, akipekua majani makavu.

Ndani ya msitu hatuingii na mbwa. Mle ni nyumba ya wenyewe, na sange hana habari na Beki. Siku ya msitu, mbwa wanabaki Kibaha. Siku ya mbwa, tunatembea kwenye njia za vijiji, nje ya hifadhi.

Na njia hizi zina historia. Mwalimu Nyerere alipotoka masomoni Edinburgh alifundisha Pugu, kwenye shule ya Mtakatifu Francis. Januari 1953 akamwoa Mama Maria. Inasimuliwa sana jinsi alivyokuwa akitoka Pugu kwa miguu kwenda mjini kwenye mikutano ya siasa, zaidi ya kilomita 20. Machi 1955 aliacha ualimu ili afanye kazi ya TANU, akarudi kwao Butiama kwa muda. Na Oktoba 1967, akiwa Rais, alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Kwa hiyo ukiniona napanda kilima cha Pugu huku nahema, elewa kwamba pale wamepita watu.

DAKIKA MOJA YA UZEMBE

Turudi kwenye Jumapili ile.

Kwa kawaida tuna sheria. Mbwa wote wanafungwa kamba. Tukikaribia nyumba za watu kamba inafupishwa. Mbele ya msikiti tunazunguka, kwa sababu jirani akiwa na udhu hataki mate ya mbwa kwenye nguo yake, na hilo halihitaji mjadala. Tukikutana na wazee tunasimama, tunasalimia, "shikamoo", tunapisha.

Siku ile mke wangu alikuwa amebaki nyuma na Kipa. Njia ilionekana haina mtu. Mimi, mzee wa kujiamini, nikamfungua Beki kamba akimbie kidogo.

Kwenye kona watoto walikuwa wanacheza chandimu. Mpira ukatoka. Beki akaufuata kama jina lake, akaudaka. Mtoto akaja mbio kuuchukua. Sikuona vizuri, nilichosikia ni yowe. Jino lilikuwa limempitia nyuma ya kiganja. Si jeraha kubwa. Lakini kwa mbwa, ukubwa wa jeraha si hoja.

Mimi niliganda. Mke wangu alipofika hakunigombeza hata neno moja. Alinipa kamba zote mbili, akamshika mtoto, akaomba maji na sabuni nyumba ya jirani. Akamwosha. Nikadhani amemaliza. Akaendelea. Alikuwa anamwagia maji na kupaka sabuni huku anaangalia saa, dakika 15 kamili, mtoto analia, wanawake wametuzunguka, mimi natamani ardhi ipasuke.

Ndipo mzee akaniuliza ile kadi.

Beki alikuwa amechanjwa, naapa. Lakini maneno yangu si kadi. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, wewe unamjua mbwa wako. Sisi hatukujui hata wewe."

Tukampandisha mtoto kwenye kirikuu pamoja na babu yake, tukaenda hospitali. Pale nako swali la kwanza lilikuwa lilelile. Mtoto akachomwa sindano ya kwanza siku ileile, akaandikiwa tarehe za nyingine. Tuligharamia zote, na huo haukuwa ukarimu. Lilikuwa deni.

SIKU KUMI

Daktari wa mifugo alituambia tumfunge Beki nyumbani siku 10 na kumwangalia. Mbwa akiwa na virusi vya kichaa kwenye mate wakati anauma, ndani ya siku hizo ataonyesha ugonjwa au atakufa. Akipita siku 10 akiwa mzima, pumua.

Sijawahi kuhesabu siku namna ile. Nilikuwa nimesoma kuhusu kichaa cha mbwa kama wote tunavyosoma, juujuu. Sasa nikasoma kama mwenye kesi. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila anayeugua hufa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria watu 59,000 hufa kwa mwaka, na kati ya 100 walioambukizwa, 99 walipata kwa mbwa. Ugonjwa unaua hivyo, lakini kuuzuia ni maji, sabuni, sindano kwa wakati, na chanjo ya mbwa kila mwaka.

Siku ya nne Beki alikataa chakula. Mke wangu akakaa naye uani hadi saa 7 usiku. Mimi nilikuwa ndani naandika ripoti ya mechi, nikampa goli mchezaji aliyekuwa benchi. Mhariri alinipigia simu, "Kijana, uko uwanjani kweli?" Sikuwa uwanjani. Nilikuwa nafikiria mkono wa mtoto wa watu.

Asubuhi Beki akala. Kumbe usiku alikuwa ameshiba vichwa vya dagaa vya jirani.

Siku ya 10 ilipoisha tulirudi Kisarawe, na kadi safari hii, na mpira halisi wa ngozi. Mzee aliipokea kadi, akavaa miwani, akaisoma mistari yote mpaka muhuri. Akanirudishia. "Hii ndiyo utembee nayo," akasema. Ule mpira wala hakuutazama. Watoto ndio waliutazama.

KASKAZINI, BILA MBWA

Msimu ulipoisha tulipata likizo. Mke wangu alitaka kwenda kaskazini, safari tuliyoiahirisha tangu harusi. Nikamuuliza, "Na Beki na Kipa?" Akanijibu kwamba wanakaa na shemeji yangu, na akanieleza sababu ambayo sikuijua.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kufa kwa ugonjwa wa mbwa uitwao distempa. Watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi. Simba karibu 1,000 walikufa, yaani theluthi moja ya wote. Tangu hapo kuchanja mbwa wa vijijini kumekuwa sehemu ya kulinda hifadhi ile. Simba mzima, mfalme wa mbuga, anaangushwa na kitu kinachotoka kwa mbwa wa kulinda mbuzi. Hifadhi si mahali pa kupeleka mbwa wa nyumbani.

Tukapanda basi. Chalinze tukaiacha barabara ya Morogoro, tukashika ya kaskazini. Segera nikachungulia upande wa Tanga, kwa Coastal Union, mabingwa wa 1988. Halafu Korogwe, Mombo, Same, milima ya Upare mkono wa kulia muda wote, mpaka Moshi. Arusha nilipita Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, siwezi kufika mji bila kuona uwanja. Kesho yake tukaenda Karatu, nyumbani kwa Bayi. Nilipoona vile vilima na ule udongo mwekundu nikaelewa kwa nini mtu wa huku hakuangalia nyuma kule Christchurch. Tukachangia gari na Watanzania wengine wanne kuelekea Olduvai.

Huko ndiko walikofanya kazi wanandoa Louis na Mary Leakey kwa miaka mingi, juani na vumbini. Julai 17, 1959, Louis alikuwa amelala kambini na mafua makali. Mary akatoka peke yake na mbwa wao wawili, wale weupe wenye madoa meusi. Katika kuzunguka kwake akaona mfupa umechomoza ardhini. Lilikuwa fuvu la Zinjanthropus, la miaka milioni 1.75 hivi. Mke wangu alifurahi kupita kiasi. "Umeona? Mume anaumwa, mke na mbwa wanafanya kazi." Nikanyamaza. Ukweli hauna marudio ya VAR.

Lakini kilichonishika mimi ni nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa na timu ya Mary mwaka 1978. Makumbusho yana nakala yake. Ni nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kwenye majivu ya volkano, zaidi ya miaka milioni 3.5 iliyopita, kubwa na ndogo sambamba, zikielekea kaskazini. Wataalamu wanasema huenda walikuwa watatu. Nilisimama pale nikakumbuka njia ya mchanga ya Kisarawe. Hata sisi tunaacha alama tunapopita, na moja ya zangu iko nyuma ya kiganja cha mtoto.

MECHI YA MARUDIANO

Jumapili iliyofuata tulikuwa Kisarawe. Watoto waliniomba niwe refa. Nilipuliza filimbi dakika 40 bila kuomba kutoka. Mkono wa yule kijana umepona, kovu dogo limebaki, naye ndiye aliyefunga mawili.

Mechi ilipoisha alimsogelea Beki, aliyekuwa amefungwa kwenye mwembe pamoja na mke wangu na Kipa. Akamgeukia babu yake, akaomba aruhusiwe kushika kamba.

"Bado, mjukuu wangu," mzee alisema, akinitazama mimi. "Tusubiri kwanza mwenyewe ajue kuishika."

Kadi ya Beki sasa haikai kwenye droo. Iko kwenye mfuko mmoja na kitambulisho changu cha uandishi. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kama una mbwa nyumbani, usisubiri tarehe hiyo. Toa kadi yake leo, iangalie tarehe.