Harufu tamu ndani ya gari la familia: usidhani ni peremende

Watoto wanalalamika kuwa gari linanuka. Mmoja anasema harufu ni kama ya sukari iliyoungua, mwingine anasema viatu vyake vimelowa ilhali nje hakuna mvua. Mzazi anafungua madirisha, anatandika gazeti kwenye kapeti, safari inaendelea. Wiki chache baadaye gari linachemsha katikati ya mlima, likiwa limejaa watu na mizigo.

Kwa familia za Same zenye magari ya umri mkubwa, hali hii si ngeni. Chanzo chake mara nyingi ni kifaa kidogo ambacho wenye magari wengi hawajui hata kama wanacho: rejeta ya hita.

Hita ya nini katika mji wa joto?

Mkazi wa Same mjini ana haki ya kuuliza hivyo. Mji uko chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, ni mkavu, na mchana kitu kinachotafutwa ndani ya gari ni ubaridi. Lakini magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya nchi zenye baridi kali, hasa Japani, na yalikuja na hita yake.

Rejeta ya hita ni kama rejeta kubwa ya mbele, ila ni ndogo, na imefichwa ndani kabisa nyuma ya dashibodi. Mipira miwili hutoka kwenye injini, hupenya ukuta unaotenganisha injini na abiria, na kupitisha humo maji ya moto, takriban nyuzi 90 za Selsiasi. Feni ikipuliza, hewa hupata joto na kuingia ndani ya gari.

Katika magari mengine kuna valvu inayoyazuia maji hayo hita ikizimwa. Katika mengine mengi, maji hupita humo muda wote injini inapowaka, na kitufe cha joto unachokizungusha hufungua na kufunga mlango wa hewa tu. Ndiyo maana hita ambayo hujawahi kuiwasha inaweza kutoboka.

Kinachoitoboa hasa ni kutu. Wengi wetu tumezoea kusema, "Kwetu hakuna barafu, kulanti ya nini?" kisha tunajaza maji ya bomba au ya mtoni. Kulanti haizuii barafu peke yake. Inazuia kutu na magamba ya chumvi kwenye vijia vyembamba vya rejeta, na inafanya maji yachelewe kuchemka. Hili la pili lina uzito kwa mtu anayepanda milima. Kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Kwenye mita 2,000 maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Ndani ya injini, kulanti pamoja na mfuniko wa rejeta unaobana shinikizo ndivyo vinavyozuia maji yasichemke. Tundu dogo kwenye rejeta ya hita hupunguza shinikizo hilo na kumwaga maji, na yote hayo hutokea wakati gari liko gia ya chini, linapanda polepole kwenda Mbaga, Suji au Chome.

Dalili ambazo hata mtoto anaweza kuziona

Dalili ya kwanza ni harufu tamu, hasa feni ya ndani inapowashwa. Ya pili ni kapeti yenye unyevu upande wa abiria wa mbele. Ya tatu ni ukungu wenye utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele kwa ndani, ambao ukiufuta kwa kitambaa unasambaa tu. Ya nne ni maji kupungua kwenye chupa ya akiba wakati chini ya gari hakuna tone.

Hapa Same kuna jambo moja linalochanganya watu. Kiyoyozi nacho hutoa maji, na bomba lake la kutolea likiziba, maji hayo humwagika kwenye kapeti ileile. Tofauti ni rahisi kuipata. Chukua karatasi nyeupe ya chooni, ibonyeze kwenye kapeti. Maji ya kiyoyozi ni safi, hayana rangi wala harufu, na yanakauka. Kulanti huacha rangi ya kijani, nyekundu au ya waridi, inateleza ukiisugua kati ya vidole, na inanata ikianza kukauka. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni. Kamwe usionje.

Kama gari limekuwa likijazwa maji matupu, rangi haitakuwepo. Hapo mwambie fundi apime kwa pampu ya shinikizo, ile inayofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta. Injini ikiwa imepoa, anapampu hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, kisha mnasubiri. Mshale ukishuka na nje hakuna panapovuja, mwende ndani ya dashibodi. Gari likitoa moshi mweupe mwingi kwenye ekzosi hata baada ya injini kupata moto, hilo linaweza kuwa tatizo jingine, gasketi ya silinda hedi, na usikubali kufumuliwa dashibodi kabla ya kulichunguza.

Sumu yenye ladha ya sukari

Sehemu hii mzazi asiiruke. Kulanti nyingi hutengenezwa kwa kemikali iitwayo ethilini glaikoli. Ni tamu, ina rangi ya kupendeza kama sharubati, na ni sumu kali. Kwa mtoto mdogo, kiasi kidogo tu kinatosha kuhatarisha maisha. Mwanzoni anaweza kuonekana kama mlevi: anayumba, anatapika, anasinzia. Anaweza hata kuonekana amepata nafuu, huku sumu ikiendelea kuharibu figo ndani ya siku moja hadi tatu.

Kwa hiyo mtoto akinywa, au hata ukishuku tu, usisubiri dalili. Usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali mara moja, na ubebe chupa yenyewe ili daktari ajue anapambana na nini. Dawa ya kuizuia sumu hii ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema.

Nyumbani, kosa kubwa ni kuhifadhi kulanti iliyobaki kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Iache kwenye galoni lake, ifungwe, iwekwe juu. Fundi akimwaga ya zamani kwenye beseni uani, beseni hilo lisilale hapo. Mbwa na mbuzi nao huvutwa na utamu huo. Wala isimwagwe kwenye mfereji. Katika milima ya Upare mfereji unaweza kuishia kwenye ndiva, na maji ya ndiva ndiyo yanayomwagilia mashamba ya watu wa chini. Ikusanyeni kwenye galoni lenye alama na kuiacha gereji.

Kuunganisha mipira au kubadilisha?

Ukifika gereji, ushauri wa kwanza utakaopewa mara nyingi ni huu: "Tuunganishe tu ile mipira miwili, tuiache hita." Maana yake fundi anaondoa hita kwenye mzunguko, anaunganisha mpira unaoingia na unaotoka kwa kipande cha bomba, na maji yanarudi moja kwa moja kwenye injini.

Ushauri huo si wa kihuni. Kwa gari linaloishi Same mjini, Makanya au Hedaru, ni njia halali na ya bei nafuu, na inaweza kudumu kwa miaka. Ila kuna masharti. Mipira iunganishwe ili maji yaendelee kuzunguka. Isizibwe kila mmoja kwa kizibo, kwa sababu katika baadhi ya injini mzunguko huo ndio unaoipelekea thamostati maji ya moto. Kiungio kiwe cha chuma, si kipande cha plastiki cha bomba la maji ya nyumbani, na kifungwe kwa klempu mpya.

Hesabu inabadilika kwa familia inayolala juu milimani. Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi, na kilele cha Shengena kipo mita 2,462. Mwezi Juni hadi Agosti, dereva anayeshuka alfajiri kutoka Mamba au Vunta akiwa na watoto wanne wanaopumua ndani ya gari lililofungwa, kioo chake kinaingia ukungu ndani ya dakika chache. Hewa kavu yenye joto ndiyo inayoufuta haraka. Bila hita, kiyoyozi bado kinaweza kukausha hewa, lakini gari kuukuu mara nyingi halina hata hicho kinachofanya kazi. Anabaki na kitambaa mkononi, kona mbele yake na korongo pembeni. Kwa familia hiyo, hita ni kifaa cha usalama, na kubadilisha ndiko kunakofaa.

Kazi yenyewe ikoje?

Katika magari machache, rejeta ya hita inatoka kwa kufungua sehemu ya chini ya dashibodi tu, kazi ya saa chache. Katika mengi, dashibodi nzima inashuka, na kazi inaweza kuchukua siku moja au mbili. Kwa hiyo kinachogharimu zaidi huenda kikawa ufundi kuliko kipuri. Omba hesabu iliyotenganishwa: kipuri, ufundi, kulanti, na gesi ya kiyoyozi kama mfumo wake lazima ufunguliwe.

Mambo ya kumwangalia fundi ni haya. Injini ipoe kabisa kabla mfuniko wa rejeta haujafunguliwa. Betri ichomolewe, na kama gari lina mifuko ya hewa ya usalama, asubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa nyaya zake. Apige picha kila hatua kwa simu, na bolti za kila sehemu zikae kwenye mfuko wake. Dashibodi inayogonga kila shimo baada ya matengenezo ni dalili ya bolti zilizobaki mezani. Mpira uliogandama asiuzungushe kwa koleo, bali auchane kwa kisu, maana vibomba vya hita ni laini na huvunjika.

Rejeta ya zamani ya shaba nyeupe au nyekundu, kama zile za Land Rover za kale, fundi rejeta mzuri anaweza kuilehemu kwa risasi. Ya alumini yenye ncha za plastiki, ni bora kununua nyingine. Ukiletewa ya mtumba, ipimwe kwa shinikizo kabla haijafungwa, kwani hutapenda kulipia ufundi uleule mara mbili. Mipira, klempu na pete za mpira ziwe mpya.

Mwisho ni kutoa hewa kwenye mfumo. Gari liegeshwe likiangalia mlima, jambo ambalo Upareni halihitaji kutafutwa, kitufe cha hita kiwekwe kwenye joto la juu, na injini iwashwe kutoka baridi mfuniko ukiwa wazi hadi mapovu yaishe. Kisha mfuniko ufungwe, gari liendeshwe, lipoe, na kiwango cha maji kiangaliwe tena kesho yake. Kapeti nayo itolewe nje, ifuliwe kwa maji mengi na kuanikwa. Ikirudishwa ikiwa na kulanti, mtoto anayetambaa ataigusa na kuilamba.

Noah na Hiace zina hita ya pili

Mzazi ambaye mtoto wake anapanda gari la shule azingatie hili. Noah na Hiace nyingi zilizotoka Japani zina hita nyingine ya abiria wa nyuma, na mabomba yake hupita chini ya sakafu, mahali ambapo matope na kutu huyala. Gari likipoteza maji na mbele hakuna kosa, fundi aingie chini akafuate mabomba hayo. Waulize wenye gari la shule kama yamewahi kukaguliwa.

Mayai, pilipili na tangawizi

Zipo tiba za barabarani: yai ndani ya rejeta, pilipili ya unga, vidonge vya kuziba. Wakazi wa Mamba Miamba watafurahi kusikia kwamba baadhi ya vidonge vya kuziba rejeta vya Marekani vilikuwa na unga wa tangawizi. Huvimba na kuziba tundu dogo, ni kweli. Shida ni kwamba unga haujui kutofautisha tundu na kijia cha maji, na vijia vya rejeta ya hita ni vyembamba kuliko vyote. Vidonge vinaweza kukufikisha gereji. Tangawizi yenyewe iache kwenye chai.

Ikipasuka mkiwa njiani

Mvuke ukitoka ghafla kwenye matundu ya dashibodi, fungua madirisha, punguza mwendo na usimame mahali salama. Abiria wa mbele ainue miguu, maana maji hayo yanaunguza. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka jiwe nyuma ya tairi, na watoto washuke upande wa mlima, si upande wa barabara. Usifungue mfuniko wa rejeta. Subiri angalau nusu saa, na ukiugusa uwe umepoa. Wala usizime injini ili kuteremka kwa kuserereka: breki na usukani wa magari mengi hutegemea injini inayowaka.

Kabla ya safari ya Desemba ya kwenda kuwaona bibi na babu, ambayo kwa wanaotoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400 hata kabla ya kuanza kupanda, tenga dakika 5 za asubuhi injini ikiwa baridi. Angalia kiwango kwenye chupa ya akiba, pitisha mkono chini ya kapeti ya abiria wa mbele, washa feni na unuse. Na mtoto akisema gari linanuka, msikilize. Yeye ndiye anayekaa karibu na sakafu.