Frigo Nayo Ina Kilo Zake

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama mwenye nyumba, hapa Ituri hakuna asiyejua maana ya mizani. Tangu dhahabu ilipogunduliwa kwenye mto Agola mwaka 1903, watu wa nchi hii wameishi kwa kupima. Mchimbaji anapima chembe zake kwa mizani ndogo, na penye kukosa mawe ya mizani anatumia kijiti cha kibiriti. Hakuna anayekubali dhahabu yake ikadiriwe kwa macho.

Lakini siku ya mshahara tunanunua nyama na samaki, tunarudi kambini, tunafungua frigo na kusukuma kila kitu ndani mpaka mlango unakataa kufungwa. Hapo hatupimi tena. Tunaamini kwamba frigo ikishapokea chakula, chakula kimepona. Sivyo. Matokeo yake tunayaona dispanseri: watoto wanaohara na kutapika, na baba anayekosa zamu siku tatu, au mbaya zaidi, anayekwenda zamu akiwa na kizunguzungu na kusimama karibu na mashine. Kwa hiyo mwezi huu tuzungumze juu ya frigo, glasieri na kilo.

BARIDI NI KAZI

Wengi wanafikiri frigo inamwaga baridi juu ya chakula, kama bomba linavyomwaga maji. Kazi yake hasa ni kuondoa joto ndani na kulitupa nje. Gusa upande wa nyuma wa frigo inayofanya kazi: hilo joto unalosikia limetoka katika chakula chako. Kila kilo ya nyama unayoingiza inaleta joto lake, na mashine inalitoa polepole, kama mtu anayepakua kamio kwa beleshi. Ukimletea makamio matatu kwa mara moja, hayatakwisha jioni hiyo.

Barafu ya glasieri inafanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine: inakula joto, na kwa kulikula inayeyuka. Kipimo chake kinajulikana vizuri. Kilo 1 ya barafu, mpaka iishe kuyeyuka, inakula joto la kutosha kushusha kilo 1 ya maji kutoka digri 80 hadi sifuri. Kwa hiyo barafu nayo ina hesabu. Mwenye kilo 3 za barafu ana kazi ya kilo 3, hata glasieri yake iwe nzuri namna gani.

WENGINE WALIPIMA KABLA YETU

Kabla ya frigo za umeme, familia za mijini kule Marekani zilikuwa na sanduku la mbao lenye kuwekwa barafu juu na chakula chini. Muuza barafu alipita njiani na gari lake. Mama wa nyumba aliweka karatasi dirishani yenye namba: ratili 25, 50, 75 au 100, yaani kuanzia kilo 11 hivi hadi kilo 45. Muuzaji alisoma namba, akakata pande la barafu na kulipima kwa mizani ya ndoano. Na kwa kuwa barafu huyeyuka njiani, na wauzaji wengine walipunja, wavumbuzi walifikiria kufunga mizani ndani ya sanduku lenyewe, ili mwenye nyumba aone ameletewa kiasi gani na kimebaki kiasi gani.

Hatuna haja ya kutafuta sanduku kama hilo. Lakini wazo lake ni zuri, na sisi tunaweza kulipata kwa bidoni na kalamu, kama utakavyoona.

SAMAKI WA KASENYI NA TCHOMIA

Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200. Ziwa Albert liko chini bondeni, mita 600 na kidogo, na joto la huko mnalijua. Samaki aliyevuliwa Kasenyi au Tchomia anapanda mlima wa Bogoro juu ya kamio au pikipiki mpaka sokoni kwetu. Bila barafu, katika joto la namna hiyo, saa 12 zinatosha kumharibu. Akiwekwa vizuri katika barafu anaweza kukaa siku nyingi.

Barafu kiasi gani? Tupige hesabu. Kilo 10 za samaki wenye joto la digri 28 zinahitaji karibu kilo 3 za barafu ili zipoe mpaka sifuri. Lakini hiyo ni kwa kupooza samaki tu. Jua linapiga sanduku, mfuniko unafunguliwa kila mteja akifika, gari linaharibika njiani. Ndiyo maana katika nchi za joto wataalamu wa uvuvi wanafundisha kilo kwa kilo: kilo 1 ya samaki, kilo 1 ya barafu. Kwa hiyo sanduku linalojaa kwa kilo 20 za samaki peke yao, pamoja na barafu halibebi hata kilo 10 za samaki. Anayebeba 20 na kutupia kilo 2 za barafu juu amepamba tu.

Sasa mizani ya ndani. Barafu ikiyeyuka, kilo 1 inakuwa litre 1 ya maji. Funga mpira mdogo kwenye tundu la chini la glasieri, uingie katika bidoni uliyoipiga alama kila litre 1. Ukianza safari na kilo 10 za barafu na kufika na litre 4 ndani ya bidoni, zimebaki kilo 6 hivi: samaki wako bado wana ulinzi. Ukikuta litre 9 au 10, barafu imekwisha, hata kama juu bado unaona vipande vichache. Tena maji yakitoka, samaki hawaogelei ndani ya uchafu wao. Maji hayo yatupwe mbali. Yasioshee chombo chochote.

Barafu ya samaki isiingie katika glasi ya kunywa. Vijidudu vingi havifi kwa baridi, vinalala tu. Barafu iliyotengenezwa kwa maji machafu inaweza kubeba kolera, na watu wa kando ya ziwa wanaufahamu ugonjwa huo. Barafu ya kunywa itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa, katika chombo chake.

FRIGO YA NYUMBANI

Familia moja ya kambini ilinunua kilo 15 za nyama kwa sikukuu. Nyama ilikuwa bado na joto la machinjioni. Ilifungwa katika mfuko mmoja mkubwa na kuingizwa kwenye frigo jioni, kando ya sufuria ya wali na mchuzi uliobaki. Asubuhi watoto walikula wali ule. Kabla ya saa sita mchana watoto wanne walikuwa wanatapika, na mdogo wao aliletwa dispanseri macho yameingia ndani. Alipona, kwa kuwa aliletwa mapema.

Mama yao alishangaa: wali ulilala ndani ya frigo! Ni kweli, lakini frigo yenyewe ililala na joto. Kilo 15 za nyama moto zilizidi nguvu zake, zikapasha kila kitu kilichokuwa jirani. Chakula kilichopikwa kikikaa usiku mzima katika uvuguvugu, vijidudu vinazaana, na baadhi yao vinaacha sumu ambayo hata ukipika tena haiondoki. Shirika la Afya Duniani, OMS, linafundisha kwamba eneo la hatari ni kati ya digri 5 na 60. Chakula kilichopikwa kisikae humo zaidi ya saa 2.

Basi tazama frigo yako. Nyingi zina kibati kidogo ndani, chenye maandishi ya kiwanda. Tafuta namba inayofuatwa na kg/24h. Hizo ndizo kilo za chakula kibichi ambazo mashine inaweza kugandisha kwa siku moja. Ikiandikwa 4, ni kilo 4, wala si 15. Na hiyo ni nguvu ya mashine mpya yenye umeme wa kutosha. Mashine ya zamani, umeme ukiwa dhaifu, haifiki hapo.

Tazama na nyota kwenye mlango wa sehemu ya barafu. Nyota 1 ni digri 6 chini ya sifuri. Nyota 2 ni 12. Nyota 3 ni 18. Hizo zote ni za kutunza kilichokwisha kuganda. Ni yenye nyota 4 tu iliyotengenezwa kwa kugandisha nyama mbichi. Usipoona kibati wala nyota, usiiamini kwa zaidi ya kilo 2 kwa siku.

Nyama ipimwe nyumbani, igawanywe katika mifuko midogo ya nusu kilo au kilo 1, ibanwe iwe bapa. Pande nene linaganda nje huku katikati bado ni vuguvugu. Inayozidi kilo za frigo ipikwe siku hiyo, ikaushwe kwa moshi, au inunuliwe na jirani mgawane. Nyama mbichi ikae chini, chakula kilichopikwa juu yake, kimefunikwa.

UMEME UKIKATIKA

Kwanza, usifungue. Frigo iliyofungwa inatunza baridi saa 4 hivi. Kongelateri iliyojaa inafika saa 48, iliyojaa nusu saa 24 tu. Hapo kilo zinasaidia: nafasi tupu ijaze chupa za maji. Chupa 10 za litre 1 na nusu ni kilo 15 za barafu, akiba inayofanya kazi bila umeme. Ziongeze mbili mbili kwa siku, zisilemee mashine.

Pili, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu yake, kiache ndani. Ukirudi kutoka safari ukakuta sarafu imezama chini kabisa na kufunikwa na barafu, ujue vyote viliyeyuka na kuganda tena. Nyama hiyo itupwe, hata kama inaonekana ngumu.

Tatu, jenereta isiwashwe ndani ya nyumba wala barazani karibu na dirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu usingizini. Hakuna nyama yenye thamani hiyo.

MIZANI YA DHAHABU ISIINGIE JIKONI

Kuna wanaochimba kwa mkono na kukamata dhahabu kwa zebaki, ile wengi wanaiita merkiri. Mizani, sahani na sufuria vilivyogusa zebaki visipimie wala kupikia chakula kamwe, hata ukiviosha kwa sabuni. Na chupa ya merkiri isiwekwe ndani ya frigo wala juu yake. Sumu hiyo inaharibu akili za watoto na mimba za mama. Kwa jikoni nunua mizani ya ndoano, mkae majirani wanne au watano muitumie pamoja.

TUFANYE KAMA KWENYE CHANJO

Frigo ya chanjo katika vituo vya afya inakaa kati ya digri 2 na 8. Mhudumu anasoma kipimajoto asubuhi na jioni, hata Jumapili, na kuandika. Akienda vijijini, vipande vya barafu vya sanduku vinahesabiwa kabla ya kutoka. Mnakumbuka Ebola ya 2018 hadi 2020 huku kwetu na Kivu ya Kaskazini: chanjo yake ilitunzwa katika baridi ya digri 60 na zaidi chini ya sifuri, ikafika hata kwenye vijiji visivyo na umeme, kwa sababu baridi yake ilipimwa hatua kwa hatua. Nyumbani hatudai hayo yote. Tunaomba karatasi moja kwenye mlango wa frigo: kitu gani, kilo ngapi, tarehe gani.

UGONJWA UKIINGIA

Anayehara apewe kinywaji mara moja: litre 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vilivyosawazishwa. Anywe kidogo kidogo, na mtoto anyonyeshwe bila kukatishwa. Usingoje kumleta dispanseri ukiona macho yameingia ndani, mtoto hawezi kunywa, kuna damu katika choo, au choo kinatoka kama maji ya mchele.

Na mfanyakazi anayehara amwambie kapita wake kabla ya kushika mashine. Hilo si uvivu. Mwili uliokauka maji unapoteza nguvu na uangalifu, na kazini uangalifu ukikosekana mtu anaumia, yeye au mwenzake.

Jioni ya leo, ukifika nyumbani, tafuta kibati cha frigo yako na usome kilo zake. Kisha mwonyeshe yule anayekwenda sokoni.

Msaidizi wa Mganga, Dispanseri ya Kampuni, Bunia