Nyumba ya Tatu Kutoka Stesheni

Abiria wa Reli ya Kati anayeshuka Kintinku akiambiwa, "Nenda nyumba ya tatu mkono wa kulia," atafika. Aliyepitiwa na usingizi akashukia Saranda akiyafuata maelekezo hayohayo, atabisha hodi kwa watu baki. Maneno ni yaleyale. Pa kuanzia kuhesabu ndipo palipobadilika.

Skripti za kompyuta, yaani mafaili mafupi ya maagizo, hupotea hivyohivyo. Tuseme karani wa ghala la alizeti hapo Kintinku ameandika skripti ya Python, hesabu.py, inayosoma faili la bei.csv lililo kando yake kwenye folda moja. Akiiendesha akiwa ndani ya folda ile, mambo shwari. Siku anapoipangia ijiendeshe yenyewe saa 11 alfajiri, anaamkia ujumbe kwamba faili halipo. Faili lipo, wala hakuna aliyeligusa.

Hapa kuna folda mbili ambazo hata mafundi huzichanganya: ile skripti inamokaa, na ile agizo linamotolewa. Jina tupu kama bei.csv hutafutwa katika hiyo ya pili. Programu ya Windows ya kupangia kazi muda mara nyingi huanzia System32. Cron, inayofanya kazi hiyohiyo kwenye Linux, huanzia folda ya nyumbani ya mtumiaji. Huko hakuna bei za alizeti.

Dawa ni skripti kujiuliza kwanza yenyewe inakaa wapi. Kwenye Python jibu limo katika __file__, na tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014, maktaba ya pathlib inaimaliza kazi kwa mstari mmoja:

Path(__file__).resolve().parent / "bei.csv"

Sehemu ya resolve hutafuta anwani kamili ya faili halisi. Parent huchukua folda yake. Kwa swali hilohilo, skripti ya PowerShell ina $PSScriptRoot, na faili la bechi la Windows lina %~dp0.

Hata mkwaju ule, yaani alama ya / katika mstari wa Python, una kisa chake. Unix, iliyozaliwa maabara za Bell mwaka 1969, hutenganisha folda kwa /. MS-DOS ya kwanza, mtangulizi wa Windows, ilikuwa imeshautumia mkwaju huo kwenye chaguo za amri zake, kwa hiyo folda zilipoingia katika toleo la 2.0, mwaka 1983, Microsoft ikachukua ule ulioinamia nyuma, \. Ndiyo maana karani akiandika kwa mkono C:\ghala\bei.csv, kisha akaipeleka skripti Dodoma kwenye kompyuta ya Linux, inayofuata mtindo wa Unix, itakwama: huko hakuna C, wala mkwaju wa aina hiyo hautenganishi folda. Pathlib huchagua mkwaju unaofaa mashine iliyopo.

Lisilorekebishwa na pathlib ni herufi. Karani akiandika Bei.csv wakati faili linaitwa bei.csv, Windows italifungua bila neno. Linux itasema halipo.