Anayefungwa analipa: hela ndogondogo za gemu Mbeya na Iringa

Ndani ya banda la gemu, liwe la Mwanjelwa jijini Mbeya au la Kihesa mjini Iringa, kuna sheria moja ambayo haijaandikwa ukutani na hakuna asiyeijua: anayefungwa analipa. Vijana wawili wanakaa kwenye benchi mbele ya TV ya chogo, PS2 iko chini ya meza, mechi inapigwa dakika chache, na kipenga cha mwisho kikilia aliyefungwa anatoa jero, au mia mbili kama mashine imechoka sana, kisha anampisha anayefuata. Mshindi habanduki. Dogo mwenye mkono mzuri anaweza kuingia Jumamosi asubuhi na jero mfukoni akatoka nalo jioni, kacheza kutwa kwa hela za wenzake.

Kwa wakubwa wa sekta hii duniani, hela ndogondogo zilitafutwa kwa mlango mwingine. Mfano unaotajwa sana ni wa Aprili 2006, pale Bethesda ya Marekani ilipouza deraya ya farasi kwa dola 2.50 ndani ya gemu yake ya Oblivion. Wachezaji wanaicheka deraya hiyo mpaka leo. Mwaka 2009 EA ikaingiza Ultimate Team kwenye FIFA, mtu ananunua pakiti za wachezaji bila kujua ndani yumo nani, na safari hii waliocheka walikuwa wahasibu: katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, Ultimate Team iliiingizia kampuni hiyo dola bilioni 1.62.

Ukitazama haraka, jero la Mwanjelwa na dola ya Ultimate Team ni ndugu. Zote ni hela kidogo inayotoka mara nyingi. Ila zinakwenda njia tofauti kabisa. Bandani anayelipa ni asiyejua, na anayejua anacheza bure. Kwenye simu, anayelipa ndiye anayeonekana anajua. Mchezaji wa Nyanda za Juu Kusini alilelewa na sheria ya kwanza, na ukitaka kuelewa kwa nini mkono wake ni mzito kwenye manunuzi ya simuni, anzia hapo kabla hujataja umaskini.

Banda lenyewe ni biashara nyepesi kuianzisha na ngumu kuikuza. Gharama zake ni kodi ya fremu, LUKU, pedi zinazokufa analogi kila baada ya muda mfupi kwa sababu ya vidole vyenye hasira, na dogo wa kusimamia foleni. Umeme ukikatika, mauzo yamekatika. Mtaji mkubwa ni mashine, na hapo ndipo PS2 ilipojipatia maisha marefu ambayo Sony haikuyapanga. Uzalishaji wake ulisimamishwa mwanzoni mwa 2013, na Konami ikatoa PES ya mwisho ya mashine hiyo mwaka huohuo. Mafundi hawakusimama. Mpaka leo wanachoma diski zenye usajili mpya, wachezaji wamehamishwa klabu, jezi zimebadilishwa, na pengine Simba na Yanga zimepachikwa humo. Ni uharamia, tusipambe. Konami haioni hata senti. Lakini mteja wa banda anapata sasisho la msimu bila kulipia chochote zaidi ya mechi yake, na bei ya mechi haipandi kwa sababu Mbappé kahamia Madrid.

Simu janja ilipoenea, mpira ukahamia kiganjani. Konami iliizika PES na kuleta eFootball ya bure Septemba 30, 2021, ikiwa na kasoro nyingi kiasi cha kuomba radhi hadharani. Garena ya Singapore ilikuwa imeshajipenyeza na Free Fire tangu 2017, gemu iliyotengenezwa iweze kukimbia hata kwenye simu za bei ya chini, ndiyo maana imetapakaa mitaa ya Ipogolo na Uyole kuliko wenzake wanaotaka simu nzito. PUBG Mobile ikaja 2018, Call of Duty ya simu 2019. Zote bure kupakua. Hela inasubiri ndani, kwa majina yake: dayamondi kwa Free Fire, UC kwa PUBG, koini kwa eFootball.

Tuichukue eFootball, maana hesabu yake inaonekana wazi. Kasha lililozoeleka lina wachezaji 150, na kati yao watatu ndio Epic wanaotafutwa na kila mtu, magwiji waliostaafu waliorudishwa na nguvu zisizo za kawaida. Kuzungusha mara moja ni koini 100, mara kumi ni 900. Aliyetolewa harudi kasha­ni, kwa hiyo tofauti na kamari nyingi, ukilimaliza kasha zima utawapata wote watatu, kwa koini 13,500. Ukizungusha mara kumi tu, nafasi ya kumpata walau Epic mmoja ni kama asilimia 19. Yaani katika kila vijana watano wanaotoa koini 900, wanne wanaondoka na wachezaji wa kujaza benchi. Konami haifichi idadi hizi, zimeandikwa humohumo kwenye gemu. Sijui ni wangapi wanaozipigia hesabu kabla ya kubonyeza.

Kulipa ni kazi nyingine. Duka la Google linapenda kadi ya benki, na mnunuzi wa huku mara nyingi ni mwanafunzi au dereva bodaboda ambaye benki yake ni namba ya simu. Kampuni za simu zimeleta kadi pepe za Visa na Mastercard zinazojazwa kutoka M-Pesa au Airtel Money, na wajanja wanazitumia. Waliobaki wanamtumia winga. Winga wa dayamondi hana fremu, duka lake ni status ya WhatsApp. Unamtumia hela kwa simu pamoja na namba yako ya utambulisho ndani ya gemu, yeye ananunua kwa kadi yake au kwa wauzaji wa jumla wa mtandaoni, dayamondi zinaingia, naye anakula cha juu. Siku boom, ile hela ya kujikimu ya wanachuo, likiingia, iwe chuo cha MUST kule Iyunga au vyuo vya Mkwawa na RUCU upande wa Iringa, ndipo status zake zinapopandishwa asubuhi na jioni.

Winga huyu ndiye kalifanyia kazi soko ambalo kampuni kubwa hazikulihangaikia. Anakata bei kwa shilingi kamili, anakopesha anayemfahamu, na anajibu saa sita usiku. Hatari nazo zipo kwake. Dayamondi za bei chee kupita kiasi huenda zimenunuliwa kwa kadi ya wizi, mwenye kadi akidai fedha zake benki, gemu inakata salio la mchezaji mpaka hasi au inafunga akaunti. Na ole wake anayeombwa nywila "ili nikuwekee haraka". Nchi ambayo kila mwenye simu ameshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ingetarajiwa kuwa imechanjwa, lakini dogo wa miaka 15 anayetaka gwiji wake leo si mtu mzima anayesubiri kodi ya nyumba.

Wachezaji wanayapokeaje manunuzi haya ya ndani ya gemu? Ulaya na Marekani walishawahi kugoma. Novemba 2017 EA ilipoweka makasha ya bahati kwenye Star Wars Battlefront II, hasira zilikuwa kali hadi kampuni ikazima manunuzi kabla hata gemu haijaingia sokoni rasmi. Huku kwetu hakuna aliyegoma. Watu wanakwepa na kukejeli. Mwenye kikosi cha Epic watupu akishinda anaambiwa kabebwa, neno lilelile wanalopewa waamuzi wa viwanja vya Sokoine na Samora, na ushindi wake haupewi heshima kamili. Kinyume chake, kijana anayejigamba kuwa hajaweka hata mia kwenye akaunti yake, kajenga kikosi kwa koini za bure anazookota kila siku kwa kuingia na kumaliza kazi ndogondogo, huyo ndiye fundi. Wapo wanaopita njia ya kati kwa kununua akaunti iliyokwisha kujengwa na mtu aliyechoka. Sheria za gemu zinakataza, na soko linaendelea.

Kwenye Free Fire mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu kinachouzwa zaidi ni muonekano: nguo, ngozi za bunduki, madoido ya kucheza muziki juu ya maiti ya mwenzio. Hapo hela haichekwi. Ni sawa na kiatu kipya Jumapili.

Gharama kubwa ya mchezaji wa huku, hata hivyo, haiko kwenye dayamondi wala koini. Iko kwenye bando. Sasisho moja la msimu linaweza kula gigabaiti nzima na zaidi, na mechi za mtandaoni zinaendelea kumega kidogokidogo. Ndiyo maana vijana wanarushiana mafaili ya gemu kwa Xender badala ya kila mmoja kupakua lake. Wanaokokotoa matumizi ya wachezaji kwa kutazama mauzo ya Google peke yake wanaikosa sehemu nono, ile inayoishia kwa Vodacom, Airtel, Yas na Halotel.

Serikali nayo imeshachungulia. Tangu Julai 2022 watoa huduma za kidijitali walio nje ya nchi wanatakiwa kulipa asilimia 2 ya mapato yao ya Tanzania, mbali na VAT. Upande wa umri umekaa kimya zaidi. Dubwi la mtaani, lile linalomeza sarafu za mia mbili, liko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuligusa. Kasha la simuni linafanya kazi kwa bahati ileile, swali la umri linajibiwa kwa kubonyeza mwaka wowote wa kuzaliwa, na laini iliyotumika kulipa ni ya mama. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba makasha kama hayo ni kamari. Kwa maoni yangu mjadala huo unatuhusu kuliko tunavyodhani, na ungeanza vizuri zaidi na wenye mabanda, maana wanazijua tabia za wateja hawa kuliko mtu yeyote aliye Dar es Salaam au Dodoma.

Wenye mabanda kwa sasa wana wasiwasi wa aina nyingine. Waliopanda hadi PS4 wameshagundua kwamba mtandao wa PlayStation hauitambui Tanzania miongoni mwa nchi zake, ukitaka akaunti lazima ujiandikishe kama mtu wa nchi nyingine na utafute kadi za zawadi za nchi hiyo. Wengi hawahangaiki. Wananunua diski iliyotumika, wanacheza mechi za kawaida za watu wawili, na Ultimate Team haiguswi. Biashara nzima inasimama juu ya diski hiyo, kwa sababu ni mali inayoweza kuazimwa, kubadilishwa na kuuzwa msimu ukiisha. Novemba 2024 Sony ilileta PS5 Pro isiyo na sehemu ya diski, anayeitaka anainunua kando. Mwenye banda anayepanga kuhama kutoka PS4 anauliza kwanza kama mashine inameza diski, ndipo anauliza bei.