Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Wimbo wa Nchi Achague Nani?

Tuseme kesho inaletwa barua. Barua inasema: Pemba itoe wimbo mmoja tu, uende kushindana nchi za nje. Basi hapo ndipo patakapokuwa na maneno! Micheweni watataka wao uende. Mkoani watataka wao. Wete na Chake Chake nao hawatakaa kimya. Mmoja atasema tupeleke msewe, mwingine taarabu, na vijana watautaka ule wimbo wa redioni.

Je, achague nani? Na achague vipi? Wapo wenzetu waliokwishapita njia hiyo. Hebu tutazame walivyofanya.

MASHINDANO YA ULAYA

Huko Ulaya yapo mashindano makubwa ya nyimbo, yanaitwa Eurovision. Husimamiwa na mashirika ya redio na televisheni. Kila nchi hupeleka wimbo mmoja, kisha nchi zote hupiga kura.

Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1956 katika mji wa Lugano, nchi ya Uswisi. Nchi zilikuwa 7, na mwaka ule kila moja ilileta nyimbo 2. Waamuzi waliruhusiwa kuupigia kura hata wimbo wa nchi yao. Kura zilikuwa za siri, na hesabu yake haikutangazwa. Mwisho watu wakaambiwa: mshindi ni Uswisi, yaani mwenye nyumba mwenyewe!

Sisi hatusemi Uswisi walipendelewa. Huenda wimbo wao ulikuwa mzuri kweli. Lakini nani atajua? Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Ngozi ataivuta upande wake tu. Hata mtu mwema hufanya hivyo, tena bila ya kukusudia.

Mwaka uliofuata, 1957, mambo yalibadilishwa. Nchi ilikatazwa kujipigia kura, na kura zikawa zinasomwa hadharani. Tangu mwaka 1975 alama hutolewa hivi: wimbo uliopendwa zaidi hupata 12, wa pili 10, wa tatu 8, halafu 7, na kushuka hivyo mpaka 1. Mtu aliyekaa nyumbani na kalamu yake anaweza kujumlisha mwenyewe.

KUCHAGUA NYUMBANI

Lakini kabla ya safari, kila nchi lazima ichague wimbo wake. Hapo kila mmoja ana njia yake.

Baadhi ya nchi huwaweka watu wachache ndani ya chumba, wakachagua. Njia hiyo ni rahisi na gharama yake ndogo. Lakini wananchi husikia tu kwamba wimbo umeshachaguliwa, wakanung'unika. Nchi nyingine huwaachia wananchi wapige kura kwa simu. Hiyo nayo ina taabu yake. Mwenye jamaa wengi anaweza kumshinda mwenye sauti nzuri.

Uswidi wanachanganya. (Msomaji, tazama herufi vizuri: Uswidi na Uswisi ni nchi mbili mbali mbali.) Tangu mwaka 2002 shindano lao huzunguka mji hata mji, wiki baada ya wiki. Halikai mji mkuu peke yake. Wananchi hupiga kura. Na kwa miaka mingi sasa, siku ya fainali hutoa alama pia waamuzi wa nchi za nje. Kwa nini wa nje? Kwa sababu wimbo unakwenda kusikilizwa na wageni. Hadi kufika mwaka 2023, Uswidi walikuwa wameshinda Eurovision mara 7.

NA SISI WAAFRIKA?

Nchi ya Afrika iliyowahi kushindana huko ni moja tu, nayo ni Moroko. Ilikuwa mwaka 1980, mjini The Hague, Uholanzi. Mwimbaji wao alikuwa Samira Bensaïd, na aliimba kwa Kiarabu. Alipata alama 7, zote kutoka Italia. Katika nchi 19 akawa wa 18. Moroko hawajarudi tena.

Je, walikosea kuchagua? Msiseme haraka. Mwimbaji yule, kwa jina la Samira Said, baadaye alipata sifa kubwa katika nchi za Kiarabu. Kura za usiku mmoja zilimnyima alama tu, hazikumnyima sauti.

Hata Afrika Mashariki tumewahi kutafuta wimbo mmoja wa nchi nyingi. Mwaka 2010 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipata wimbo wake, unaoitwa Jumuiya Yetu. Nchi wanachama wakati huo zilikuwa 5: Burundi, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda. Lau kila mmoja angevutia lugha ya kwao, wasingemaliza. Wimbo huo ni wa Kiswahili.

TUFANYEJE?

Turudi kwenye barua yetu. Sisi tunashauri hivi:

1. Sheria ziandikwe kabla haujaimbwa hata wimbo mmoja.

2. Waamuzi wazunguke wilaya zote nne. Wasikae Chake Chake tu wakingoja kufuatwa.

3. Mwamuzi asitoe alama kwa kijiji chake.

4. Awepo mgeni asiyemjua mtu, asikilize kwa masikio ya kigeni.

5. Alama zisomwe kwa sauti na ziandikwe ubaoni.

Pengine mtasema, wimbo tu, una nini? Una mengi. Kikundi kikidhulumiwa mara moja, mwakani hakiji. Mwaka wa tatu kimevunjika. Na yule bibi mtu mzima aliyekuwa akizijua nyimbo za zamani hana tena wa kumfunza. Akifa, amekwenda nazo.

Zamani tulikuwa tukiambiwa, "Fulani kashinda," basi tunanyamaza, maana karatasi hatukuweza kuisoma. Leo tumesoma. Siku ya mashindano, njoo na kalamu yako. Andika kila alama inayotajwa, kisha jumlisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI

Kwa nini mwaka 1957 nchi zilikatazwa kujipigia kura? Tupeleke wimbo tunaoupenda sisi, au ule utakaowapendeza wageni? Katika shehia yenu, ni nani anazijua nyimbo za zamani, na nani anaziandika?